Mama Niliyemwazima

Kama Jumapili iliyopita hukunisoma, hukukosa sifa zangu, maana sina. Ulikosa haya tu.

Mimi ni yule binti mdogo wa umbo na mkubwa wa hasira ambaye kwenye kikundi cha maigizo wanamwita Kibiriti. Huu ni mwaka wangu wa pili nikifundishwa na mzee tunayemwita Mwalimu. Mwaka wa kwanza wote alinifundisha kusimama, kupumua na kunyamaza, vitu ambavyo nilidhani nilikuja navyo kutoka nyumbani.

Kundi letu lina desturi ya kuazima mtu. Unamchagua mtu aliye hai, unamfuata kwa siku mia moja, unajifunza anavyotembea, anavyokohoa, anavyokunja uso. Humtaji kwa yeyote, na mwenyewe humwambii. Siku ya mia moja unamcheza mara moja mbele ya wenzako, kisha unamrudisha. Kumrudisha maana yake humchezi tena maisha yako yote.

Mimi nilimwazima mama yangu.

Mama ni fundi cherehani. Alinipa ruhusa ya kuacha kushona na kwenda kuigiza kwa sharti moja: mambo ya nyumba yetu yasipande jukwaani. Niliapa, tena kwa kunyoosha kidole juu. Lakini kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kubisha hodi, mama huketi kwenye cherehani na kuzungumza na koti la marehemu baba lililotundikwa nyuma ya mlango. Hudhani nimelala. Kati ya chumba chake na changu kuna kiambaza cha mbao chenye ufa, na katika zile asubuhi mia sikulala hata moja.

Nilipomcheza, watu walilia. Na Mwalimu, ambaye desturi ile aliitunga mwenyewe, akaivunja mwenyewe. Hakuniacha nimrudishe mama. Alinitungia igizo zima juu ya yule mjane, akaliita Mlango, na onyesho la kwanza likapangwa Jumamosi.

Tatizo lilibaki mahali pamoja. Mama akifika sehemu fulani ya maneno yake hukanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu, na midomo yake inaendelea kutikisika chini ya ile kelele. Sikuwahi kusikia anachosema. Jukwaani nami nilifanya vivyo hivyo, nikakanyaga na kutikisa midomo. Mwalimu alisema mdomo unaotembea bila neno ni uongo. Nimletee maneno hayo kabla ya Jumamosi, au nafasi ataichukua mwenzangu.

Wiki hiyohiyo fundi wetu wa mavazi akateleza kwenye ngazi na kuvunjika mkono. Mshika Daftari, yule bibi anayekaa pembeni ya jukwaa kutukumbusha maneno tunapoyasahau, akatuambia fundi mwingine ameshapatikana. Mlango wa chumba cha mavazi ukafunguliwa, na hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, msomaji.

Aliyeingia alikuwa na futi shingoni na pini nne mdomoni. Alikuwa mama.

Alizitema pini kiganjani akacheka. Alikuwa amenificha siku mbili nzima, akitaka nishangae. Basi nilishangaa hadi nikakaa chini.

Mshika Daftari akamweleza kazi. Nguo kubwa ni moja tu, gauni la mjane mshonaji, nami ndiye nitakayelivaa. Mama akanitazama. Nilisubiri aseme neno. Akasema wajane washonaji wamejaa kila mtaa, afadhali hata wao wametungiwa igizo, kisha akaniambia nisimame.

Vipimo vyangu anavijua kwa moyo tangu nikiwa tumboni, lakini alinipima upya kama mteja. Alipofika mabegani akarudia mara mbili.

"Bega lako la kushoto limeshuka," alisema. "Hili ni bega la fundi, mwanangu. Mwigizaji umelitoa wapi?"

Nililitoa kwake, msomaji wangu. Miaka ishirini ya kuinamia mashine imelishusha bega lake la kushoto, nami nilijifunza kulishusha langu hadi likasahau kurudi. Nilimjibu kwamba ni uchovu. Akaliandika bega lile kwenye karatasi yake vilevile lilivyokuwa, kisha akauliza huyu mjane mkasi wake anauweka wapi. Hakuna aliyejua. Akasema basi gauni litakuwa na mfuko wa mkasi upande wa kulia, kwa sababu fundi anayetafuta mkasi kila mara si fundi.

Mfuko huo anao kwenye kila gauni lake. Alikuwa anajishona mwenyewe mbele ya macho yangu, na mimi nimesimama nimetanua mikono nikimsaidia kujipima.

Nilianza kutafuta pa kutokea.

Jumatano nilipoteza sauti. Niliipoteza kwa ustadi, msomaji, kwa kila nilichofundishwa. Nilijifunga kitambaa shingoni, nikakohoa, nikaongea kwa ishara. Mwalimu alinisikiliza huku amefumba macho. Kisha akasema kikohozi changu kinaanzia kooni, na cha mgonjwa wa kweli huanzia tumboni, nirudi kazini. Wenzangu walicheka. Katika kundi letu hata kuugua lazima uugue vizuri.

Nilimfuata yule mwenzangu aliyekuwa akiimezea mate nafasi yangu, nikamwambia achukue, nampa bure. Akanitazama kama niliyemwekea sumu kwenye chai. Mtu aliyeazimwa na mwingine hachezwi, alisema, hilo hata wa mwaka wa kwanza wanalijua. Siku zote alikuwa anaitaka nafasi hiyo, lakini siku ninayompa ndiyo siku anayokumbuka desturi.

Ikabaki njia moja, kumwambia mama ukweli. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Alhamisi jioni nilimkuta anapiga pasi lile gauni. Lilikuwa la kijivu, lenye mikono mirefu, na lile bega la kushoto limeshuka kama langu na lake. Nilikaa kitandani kwake. Nikamwambia kuna jambo nataka kusema kuhusu lile igizo.

"Hata mimi nina la kusema," akanikatiza. Akaiweka pasi wima. "Ulipotaka kwenda kule niliogopa. Nilijua watakufundisha kuchekesha watu kwa shida za mama yako. Sasa nimefika mwenyewe, nimeona mnafanya kazi ya watu wazima. Umeshika neno lako. Hujaniangusha."

Nililifungua lile neno mdomoni nikalimeza tena. Nikamwambia gauni ni zuri. Akasema bado pindo.

Sasa nakiri jambo ambalo sikuwahi kuliandika katika wiki zote hizi, kwa sababu lilinitia aibu kuliko mengine. Nilimwazima mama kwa hasira.

Baba alifariki nikiwa na miaka mitano. Mvua kubwa ilinyesha jioni moja, ukuta wa karakana iliyo ng'ambo ya barabara ukaanguka, naye alikuwa amejikinga chini yake. Niliambiwa alikuwa njiani kurudi nyumbani kutoka kazini. Niliambiwa alikuwa mtu mpole, hakuwahi hata kuinua sauti, na kwamba moto wangu huu nimeurithi kwa nyanya. Nilikua na baba huyo mpole kichwani mwangu kwa miaka kumi na minne.

Kisha kupitia ule ufa nikamsikia mama akiliambia koti kwamba jioni ile baba alifika nyumbani. Aligonga. Alisema mvua inamnyeshea, na mama, aliyekuwa hapo hapo kwenye cherehani, hakumfungulia.

Ndiyo sababu nilimchagua. Sikuthubutu kumuuliza, basi nikamtia jukwaani. Nilimcheza kama mshitakiwa, na watazamaji walipolia niliona wamemhukumu pamoja nami. Ukinidharau hapo, nitakuelewa.

Ijumaa asubuhi niliamka kabla yake. Nilikuwa nimeapa usiku kucha kwamba sitasikiliza tena. Nilipomsikia anavuta kiti, sikio langu lilikuwa tayari kwenye ufa na penseli mkononi.

Aliliamkia koti. Akaliambia amepata kazi mahali anapofanya kazi mtoto, na kwamba mtoto amekua, angemwona angejivunia. Akaanza yale ya mvua, neno kwa neno kama siku zote, na alipofika palepale akakanyaga pedali. Kelele ikajaa chumba chote. Niliubana uso kwenye mbao hadi shavu likapata alama, na sikuambulia kitu.

Shavu hilo ndilo aliloniuliza wakati wa chai. Nikasema nililalia mkono.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa siku ileile, saa tisa alasiri, tukiwa na mavazi kamili. Kwa kawaida yetu, siku hiyo fundi hukaa mstari wa mbele na mkasi mapajani ili aone nguo inavyotembea na panapovuta. Nilikuwa nimemwomba Mshika Daftari amweke mama nyuma ya pazia. Alinijibu kwamba nyuma ya pazia gauni linaonekana mgongo tu.

Kabla hatujaanza, mama alipanda jukwaani kunibana pindo. Alipiga magoti miguuni pangu na pini zake.

"Hiyo mashine yenu ilikuwa inapiga kelele mbaya," alisema, akinionyesha cherehani ya jukwaani kwa kidevu. "Nimeifungua yote tangu asubuhi. Nimeisafisha, nimeipaka mafuta, nimeweka na mkanda mpya. Mwalimu wako ndiye aliyeniomba. Ikanyage uone, husikii kitu."



Nilimtazama Mwalimu. Siku zote za mazoezi hukaa mstari wa nyuma kabisa, ili ahakikishe sauti zetu zinafika. Siku ile alikuwa amekaa mstari wa mbele, viti viwili kutoka kiti cha mama. Nikamtazama Mshika Daftari, naye akainamisha macho kwenye karatasi zake. Ndipo nikaelewa ni nani aliyemwita fundi huyu, na amemwitia nini. Bega langu lilikuwa limenitaja zamani. Mzee yule alimfahamu niliyemwazima, na kwa kuwa mimi nilishindwa kumletea maneno, alimleta mwenye maneno.

Mama alishuka, akakaa, akauweka mkasi mapajani. Alinitabasamia.

Taa za ukumbi zikazimwa, zikabaki za jukwaani. Nilikuwa na meza, cherehani, na koti lililotundikwa nyuma ya mlango wa mbao usio na ukuta. Nilikaa. Nilipokaa, bega la kushoto lilishuka lenyewe, na gauni likalipokea barabara. Nilimsikia mama akiguna kwa kuridhika na kazi yake.

Neno la kwanza nilitakiwa kuliambia koti. Nikaligeuza. Nikaiambia kofia, ambayo haikuwepo.

"Koti," akasema Mshika Daftari kutoka pembeni.

Nikasema nimesafisha kofia.

"Koti," akasema tena, kwa sauti zaidi. "Bwana, umeamkaje. Kifungo cha tatu cha koti lako nimekibana tena."

Mwalimu akasema tuanze upya, tena nisimlazimishe bibi wa watu kuigiza. Kwa hiyo mama alisikia mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti ya bibi aliyekuwa akisoma karatasi, mara ya pili kwa sauti yake mwenyewe iliyotoka kinywani mwangu.

Sikuwa na njia nyingine. Nilisema.

"Bwana, umeamkaje. Kifungo cha tatu cha koti lako nimekibana tena. Bati linavuja upande ule ule wako."

Taa zilinipiga usoni, lakini mstari wa mbele niliuona vizuri. Mama alikuwa bado anaangalia pindo. Kisha macho yake yakapanda polepole hadi mfuko wa mkasi, hadi bega, hadi usoni kwangu. Mkono wake ukatoka kwenye mkasi ukashika kiti. Hakulia wala hakuinuka. Alinitazama kama anavyokitazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akipima kama bado kinafaa.

Nakuapia, nilitaka kusimama. Lakini mwili ulikuwa umefundishwa. Pumzi ilijipanga, sauti ikashuka palipostahili, mikono ikakunjua kitambaa. Sijawahi kuigiza vizuri kama dakika zile, na ninachukia kuliandika hilo.

"Siku ile ulipogonga nilikuwa hapa hapa," nilisema. "Nilikusikia. Ulisema, nifungulie, mvua inaninyeshea. Na mimi sikufungua."

Nikakanyaga pedali.

Mashine ilizunguka kimya. Sindano ilipanda na kushuka, gurudumu likaenda, na hakukuwa na mlio wowote wa kunifunika. Nikaanza kutikisa midomo, na ukumbi wote ukawa unanitazama natikisa midomo bila neno.

"Maneno," akasema Mwalimu. Alikuwa akimtazama mama, si mimi.

Mshika Daftari alifunua ukurasa, akaurudisha. "Hapa hakuna kitu, Mwalimu. Kuna nukta tu."

Nikaacha kukanyaga. Gurudumu lilimaliza mzunguko wake likasimama.

Mama akainuka. Mkasi ulianguka sakafuni na hakuuokota. Nilijua anaondoka, nami nilitaka aondoke, aende nyumbani, anifungie mlango, nipate adhabu ninayoijua. Hakuondoka. Alisogea hadi ukingo wa jukwaa.

"Hapo mimi husema hivi," alisema. Ilikuwa ile sauti anayomwambia nayo mteja kwamba kitambaa alicholeta hakitoshi. "Sikufungua kwa sababu mtoto alinishika gauni. Alikuwa anatetemeka. Akaniambia, mama, usimfungulie, atatupiga tena. Nikamsikiliza mtoto."



Mtoto nyumbani kwetu alikuwa mmoja.

Nilijaribu kukumbuka. Nilitafuta lile gauni, ule mlango, ile sauti ya mtoto wa miaka mitano, nikapata mvua tu. Baba yangu mpole alisimama kichwani mwangu bila uso. Miaka yote hiyo mama alikuwa akilisema jambo hili chini ya kelele ya mashine ili asilisikie mtu mmoja tu aliyelala upande wa pili wa mbao.

"Mama," nikasema. Neno hilo halikuwa kwenye igizo.

Mshika Daftari alikuwa ameishika penseli hewani, machozi yanamtiririka. Mwalimu akamuuliza kwa upole kama ameyaandika. Bibi akatikisa kichwa, kwamba hapana.

"Andika, dada," mama akamwambia. "Si ndiyo mliyoniitia?"

Penseli ikaanza kutembea. Niliisikia, maana ukumbi ulikuwa kimya na mashine ilikuwa imepakwa mafuta. Ilipomaliza, Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani ataniambia nishuke. Nilidhani, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ataniambia nimrudishe mama.

"Rudia," alisema. "Anzia aliposema hakufungua. Safari hii na maneno yake."

Nilimgeukia mama. Nilimwomba kwa macho akatae, aseme neno moja tu la kuniokoa, kama alivyonisikiliza siku ile. Alirudi kwenye kiti chake, akaokota mkasi, akaketi na kuniinulia uso.

"Sema, mwanangu," alisema. "Mara ya kwanza uliyasema wewe."

Nikaweka mguu juu ya pedali, nikafungua mdomo.